Jaketi la risasi lisilo sawa linapotosha shabaha kwa kiasi gani?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nashindana kulenga shabaha kwa bunduki ya .308 yenye msokoto wa 1 kwa inchi 10, na risasi najaza mwenyewe. Vichwa vyangu vya greni 168 (karibu gramu 11) nimevipima uzito kimoja kimoja na kuvitenga, havitofautiani zaidi ya greni 0.2. Hata hivyo makundi yangu ya matundu matano hayashuki chini ya milimita 25 kwenye mita 100. Mwenzangu klabuni anasema tatizo ni majaketi yasiyo sawa unene. Ni kweli? Na mtu anapimaje unene wa kitu ambacho tayari kimejazwa?

Jibu: Mwenzako amesema kweli kuhusu jaketi. Kuhusu bunduki yako, anamsingizia jaketi kosa ambalo kwa sehemu kubwa si lake. Bahati nzuri jambo hili linahesabika kwa kikokotoo cha simu, kwa hiyo huna haja ya kuniamini mimi wala yeye.

Kwanza tuelewane kwa maneno, maana Kiswahili kinatutega hapa: risasi ni madini, risasi ni kile kinachotoka mtutuni, na risasi ni fungu zima lenye baruti. Nitaita kichwa kile kinachoruka, kiini yale madini ya risasi yaliyo ndani yake, na jaketi ile ala ya shaba inayokifunika kiini. Ganda libaki kuwa la baruti.

Kichwa kikiwa ndani ya mtutu hakina hiari. Kuta zimekibana, nacho kinazunguka kwa kufuata mhimili wa umbo lake, kitovu chake cha uzito kiwe katikati kisiwe. Kitovu kikikaa pembeni, hata kwa maikroni mbili, kinauzunguka mhimili huo kama jiwe ndani ya teo. Kwenye mdomo wa mtutu kamba ya teo inaachiwa. Kitovu kinashika njia ya pembeni kiliyokuwa nayo sekunde ile, na kuanzia hapo kichwa kinazunguka kufuata kitovu cha uzito, si umbo. Ule mwendo mdogo wa pembeni haurudi tena.

Ukubwa wake unaupata hivi: chukua mwachano wa kitovu kutoka kwenye mhimili, zidisha kwa 6.28, gawa kwa urefu wa msokoto, yaani umbali ambao kichwa kinasafiri mtutuni mpaka kimalize mzunguko mmoja. Jibu ni pembe ya upotovu kwa radiani. Kasi haimo kabisa kwenye hesabu hii, jambo linalowashangaza wengi. Kichwa chenye kasi zaidi kinazunguka haraka zaidi kwa uwiano uleule, hivyo pembe inabaki palepale. Mtu anayepunguza baruti akidhani anapunguza madhara ya kichwa kisicho na mizani anajichosha bure.

Msokoto wako wa inchi 10 ni milimita 254. Tuseme kitovu kimehama maikroni 2, yaani milimita 0.002. Unapata pembe ya radiani 0.0000494, ambayo kwenye mita 100 ni milimita 4.9 kutoka pale tundu lilipostahili kuwa. Na kwa kuwa upande mzito unaingia chemba ukiwa umeelekea popote, matundu yanatawanyika kwenye duara la kipenyo cha karibu milimita 10. Kwenye mita 300 zidisha mara tatu.

Sasa jaketi linahamishaje kitovu? Tuseme upande mmoja wa jaketi ni mnene kuliko wa pili kwa maikroni 25, ambazo ni inchi 0.001. Nje kichwa kimeshapitishwa kwenye dai, yaani kalibu ya chuma inayokipa umbo, na ni duara safi, kwa hiyo kasoro yote imeingia ndani: kiini kimesukumwa pembeni kwa nusu ya tofauti hiyo, maikroni 12.5. Hapo wengi wanaishia na kutangaza maafa. Lakini pale kiini kilipopungua, shaba imejaza nafasi, nayo shaba ina uzito wake. Densiti ya risasi ni 11.3, na ya aloi ya jaketi, ambayo kwa kawaida ni shaba nyekundu asilimia 95 na zinki asilimia 5, ni karibu 8.9. Kinachoharibu mizani ni ile tofauti ya 2.4 peke yake. Kwa kichwa cha .308 chenye jaketi la unene wa milimita 0.6, kitovu kinahama kwa takriban asilimia 8 ya tofauti ya unene. Maikroni 25 za jaketi zinakuwa maikroni 2 za kitovu, ambayo ndiyo mfano niliouhesabu hapo juu.

Kwa hiyo jaketi baya la maikroni 25 linaleta duara la milimita 10 kwenye bunduki yako. Jaketi la daraja la mashindano, kama yale ya J4 ambayo watengenezaji wake hutaja tofauti isiyozidi inchi 0.0003, yaani maikroni 8 hivi, linaleta duara la milimita 3 na kidogo.

Linganisha na kundi lako. Vyanzo vya mtawanyiko havijumlishwi moja kwa moja. Unajumlisha vipeo vyao vya pili, kisha unatafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo. Kama milimita 25 zako zina milimita 10 za jaketi ndani yake, ukiziondoa zote unabaki na kipeuo cha pili cha 625 toa 100, yaani milimita 23. Umenunua vichwa vya bei ya juu kwa faida ya milimita 2, ambazo kwa makundi ya matundu matano hutaziona, kwa sababu kundi hadi kundi tayari linapishana zaidi ya hapo. Bunduki inayopiga milimita 12 ni habari nyingine: zile 10 zikiondoka inashuka hadi karibu 7. Jaketi ni tatizo la bunduki nzuri. Bunduki isipokuwa tayari chini ya nusu dakika ya pembe, milimita 14 au 15 kwenye mita 100, tafuta kosa kwingine kwanza.

Tena ndani ya kichwa chenyewe jaketi si mshtakiwa wa pekee, na mara nyingine si mkubwa. Kiini kinakatwa kutoka kwenye waya wa risasi, kinashindiliwa kwenye dai lenye vitundu vya kumwaga ziada ili uzito uwe sawa, kinaoshwa mafuta, kisha panchi, yaani kifimbo cha chuma cha kusukumia, inakikalisha ndani ya jaketi kabla ya pua kuchongwa. Kila hatua hapo ina mtego. Mafuta yakibaki kwenye kiini au ndani ya jaketi, yanakamatwa kati ya shaba na risasi na kuacha uwazi. Uwazi wa nusu milimita ya ujazo tu, mdogo kuliko kichwa cha pini, ukiwa ukutani mwa jaketi la .308 unahamisha kitovu kwa maikroni 1.7, karibu sawa na jaketi la maikroni 25. Panchi ikiwa nyembamba kuliko tundu la jaketi, risasi inapanda pembeni mwake. Ikiwa nene inakwangua ukuta. Ikisukuma kimshazari, uso wa mbele wa kiini unabaki umeinama, na mwinamo wa milimita 0.1 kutoka ukingo hadi ukingo unagharimu maikroni 0.6, ambayo ni sawa na kasoro nzima ya jaketi la mashindano. Mtu anaweza kununua majaketi bora kuliko yote na kuyaharibu kwa kitambaa kichafu.

Jaketi lenyewe linapata kasoro mapema, likiwa bado kikombe. Kisahani kinakatwa kwenye mkanda wa aloi, kinabonyezwa kuwa kikombe, kisha kinavutwa kwenye madai kadhaa mpaka kirefuke na ukuta upungue. Panchi na dai visipokuwa na mhimili mmoja kwenye kikombe cha kwanza, upande mnene unazaliwa pale, na kuvuta kunakofuata kunaupunguza bila kuufuta. Ndiyo maana kasoro hurithiwa na toleo zima: majaketi yaliyotoka kwenye panchi moja siku moja hufanana. Ukipata toleo zuri, nunua la kukutosha msimu, usihesabu kwamba boksi lijalo litakuwa vilevile.

Kuna aina mbili za tofauti ambazo watu wanazichanganya. Jaketi moja kuwa na wastani wa unene tofauti na jingine kunabadilisha uzito kidogo na pengine shinikizo, lakini hakuharibu mizani. Jaketi lilelile kuwa nene upande mmoja ndiko kunakohamisha kitovu. Na hata humo, angalia mnene na mwembamba wamekaaje. Wakiwa wanatazamana, nyuzi 180, hilo ndilo baya. Jaketi likiwa na sehemu mbili nene zinazotazamana na mbili nyembamba katikati yake, geji itasoma kasoro ileile lakini pande zinasawazishana na kitovu kinabaki karibu na mahali pake. Anayeandika namba ya tofauti bila kuandika pembe anatupa majaketi mazuri pamoja na mabaya.

Kupima jaketi tupu ni kazi rahisi ukiwa na vifaa sahihi. Unahitaji pini imara ya kabidi iliyolala, yenye ncha ya mviringo, na geji ya saa inayosoma maikroni 1, au angalau inchi 0.0001, ikigusa jaketi kwa nje kutokea juu, mkabala kabisa na pale pini inapogusa kwa ndani. Osha majaketi kwa kiyeyusho, yakauke. Kabla ya lolote pima jaketi moja mara tano kwa kulitoa na kulirudisha. Majibu yakipishana zaidi ya maikroni 2, stendi yako inacheza au geji inabana mno, na kila utakachoandika baada ya hapo ni uongo. Kisha chukua 30 kutoka kwenye toleo, uvishe kila moja, ulizungushe taratibu mzunguko mzima, uandike kubwa, ndogo, na pembe kati yao. Pima sehemu mbili: milimita 5 kutoka kitakoni, na katikati ya sehemu itakayogusa mifuo, yaani mifereji ya msokoto ndani ya mtutu. Mdomoni usihangaike sana. Sehemu ile inaishia puani ambako kipenyo ni kidogo na kiini hakifiki.

Baada ya vipimo 30 utajua tabia ya toleo. Kama karibu yote yako chini ya maikroni 8, kuyapanga moja moja ni kujifurahisha. Kama yametawanyika kuanzia 3 hadi 20, panga: chini ya 8 ya mashindano, yaliyobaki ya mazoezi.

Wewe lakini unanunua vichwa vilivyokamilika, na hapo mlango umefungwa. Njia ya uhakika ni kuvitoa kafara vichwa vitano: kata kila kimoja kukingama, katikati ya sehemu iliyonyooka, sawazisha uso kwa msasa wa maji wa 400, 600, kisha 1000, upime ukuta sehemu nane kwa hadubini yenye kipimo. Msasa uwe na maji kwa sababu vumbi la risasi ni sumu; nawa mikono kabla ya kushika kitu kingine. Usiyeyushe kiini kwa moto ndani ya nyumba.

Njia nyingine zinazopendwa hazipimi kile watu wanachodhani. Uzito, kwanza: jaketi likiwa nene kushoto na jembamba kulia, jumla haibadiliki, na kichwa kinasoma greni 168.0 kikiwa hakina mizani kabisa. Greni 0.2 ulizozipigania hazifikishi hata robo ya milimita ya kimo kwenye mita 100. Pili, kuzungusha kichwa kwenye kipande chenye mfereji wa V chini ya geji kunapima umbo la nje tu. Kitakuonyesha pua iliyopinda, si kiini kilichohama. Tatu, kuna wanaobiringisha kichwa juu ya kioo wakisubiri upande mzito ushuke. Kwa kitovu kilichohama maikroni 1 kwenye kichwa cha .308, kioo kikiinama robo milimita tu katika mita nzima, mwinamo tayari umekishinda kichwa nguvu. Na msuguano bado hatujauhesabu.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni cha shabaha, ila kinamfaa anayetengeneza vichwa mwenyewe, kwa sababu lazima ujue upande mnene uko wapi. Tia alama ya kalamu kitakoni upande mnene wa majaketi 20 yaliyo mabaya, yenye kasoro inayokaribiana. Ukishamaliza kutengeneza kichwa, hamishia alama kwenye ganda wakati wa kukikalisha. Piga 10 ukiwa umeingiza alama juu, na 10 alama ikiwa chini, ukibadilishana moja moja ili joto la mtutu na upepo visipendelee upande. Tafuta kitovu cha kila kundi. Umbali kati ya vitovu viwili ukiugawa kwa mbili ndio upotovu halisi wa jaketi kwenye mtutu wako. Usishangae makundi yakihama kushoto na kulia badala ya juu na chini: kichwa kimezunguka mara mbili na ushee kabla ya kutoka, na mwelekeo unategemea urefu wa mtutu. Unachohitaji ni umbali kati ya vitovu. Vitovu vikikaa pamoja, jaketi halina hatia. Jambo hili si jipya, Franklin W. Mann, daktari wa Marekani, alifanya majaribio ya vichwa vilivyovurugwa mizani makusudi na kuchapisha matokeo mwaka 1909. Hesabu ya teo imesimama tangu wakati huo.

Kwa anayenunua vichwa tayari kuna dalili ya pili, hafifu zaidi. Mtawanyiko wa mizani unakua sawasawa na umbali na ni wa mviringo: milimita 8 kwenye mita 100 zinakuwa 24 kwenye 300. Kundi likiwa duara zuri kwenye mita 100 lakini limerefuka kwenda juu kwenye 600, hilo ni kasi ya baruti inayopishana. Usilibebeshe jaketi.

Msokoto ndio mkono unaokuza au kupunguza kasoro hizi. Kwa mwachano uleule wa maikroni 2, msokoto wa inchi 14 unaleta milimita 3.5 pale ambapo wako unaleta 4.9, na wa inchi 7 unaleta 7.1. Ndiyo sababu wapiga shabaha wa mezani, wanaoegemeza bunduki juu ya meza, wanaotumia risasi za aina ya 6 PPC wanapiga vichwa vifupi vya greni 65 hadi 68 kwenye mitutu ya inchi 13.5 au 14: wanazungusha kichwa kwa kiasi cha kukisimamisha tu. Pia ya kuchezea isiyozungushwa vya kutosha inaanguka, kwa hiyo mchezo huu una mpaka. Kigezo cha uimara, namba inayoonyesha mzunguko unakisimamisha kichwa kiasi gani, kikishuka chini ya 1.4 hivi unaanza kulipa kwa upepo na hewa nzito. Vichwa vya shaba tupu vilivyokerezwa havina jaketi wala kiini, na hesabu ya densiti mbili inatoweka. Lakini kwa uzito uleule ni virefu zaidi, vinadai msokoto wa haraka zaidi, na msokoto huo unakuza kasoro yoyote iliyobaki, kama tundu la nchani lisilokaa katikati.

Turudi kwenye milimita 25 zako. Mshukiwa wangu wa kwanza ni kichwa kuingia kwenye mifuo kikiwa kimeinama. Kichwa kikiinama sehemu moja ya ishirini ya digrii tu, na kitovu chake kikiwa milimita 3 kutoka katikati ya sehemu inayobanwa na mtutu, kitovu hicho kinahama maikroni 2.6, zaidi ya jaketi letu baya. Pima risasi 20 ulizojaza kwa geji ya saa, sindano ikigusa kichwa milimita chache mbele ya shingo ya ganda. Sindano ikicheza zaidi ya milimita 0.08, anza na shingo za maganda na dai la kukalishia. Maganda yenye shingo nene upande mmoja hukisukuma kichwa pembeni kila mara.

Baada ya hapo angalia vitako vya vichwa kwa lenzi. Ncha iliyobonyea kidogo haina neno. Kitako chenye kidonda au kilichokatwa kimshazari kinaiacha gesi ivuje upande mmoja kwanza pale mdomoni, na hicho hutawanya kuliko kasoro yoyote ya puani. Angalia na taji ya mtutu, yaani ukingo wa mdomo wake, kwa sababu hiyohiyo. Skrubu za kitako cha bunduki na za darubini zikague kabla ya yote haya. Ni dakika tano.

Ukifika milimita 14, nunua boksi moja la vichwa vyenye majaketi ya daraja la mashindano, umbo na uzito uleule, na uyapige yakipishana na vichwa vyako vya sasa, makundi sita ya matundu matano kwa kila aina. Hata kama uzito ni uleule, shuka asilimia 10 ya baruti na upande taratibu: jaketi lenye ugumu au urefu mwingine wa kubanwa hubadilisha shinikizo.